Ijumaa mama akipiga simu ndipo tunapika wali

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Mbagala na wadogo zangu wawili. Wa kike ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Wa kiume ana miaka minane, darasa la pili. Baba yetu alishafariki. Mama yuko Muscat, huu ni mwaka wa tatu, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba yenye watoto wanne.

Mimi nauza duka la vitenge Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi daladala kabla haijajaa, na kurudi ni saa mbili usiku, siku za foleni hata saa tatu. Mama anatuma laki mbili na nusu kila mwezi kwa ajili ya chakula na shule. Kodi, maji na umeme nalipa mimi.

Zamani tulikuwa tunapikia mkaa. Mwaka jana mdogo wangu wa kike aliungua mkono akiepua sufuria ya wali mimi nikiwa kazini. Siku ile nililia sana. Nikanunua mtungi mdogo wa gesi, na dukani kwa Mangi nikachukua katoni ya tambi za pakiti, zile ambazo watoto wanaziita Indomie hata kama kampuni ni nyingine. Nikawaambia: maji yakichemka, dakika tatu, mnakula, mnazima gesi. Tangu hapo mchana wanakula hizo, na usiku mara nyingi nami nikirudi nimechoka tunakula hizo hizo. Nikihesabu kwa wiki hazipungui mara tisa au kumi. Wa kiume anakunywa na mchuzi wote mpaka bakuli linabaki jeupe. Jumamosi nyingine anavunjavunja pakiti mbichi, anaimwagia vile viungo vyake na kutafuna kama bisi.

Shangazi alikuja kutibiwa macho, akakaa kwetu siku nne. Alipoona katoni chini ya kitanda akasema, "Kumbe watoto wa kaka yangu mnawalisha nyuzi?" Akasema zina nta, zinaganda tumboni siku tatu, zinaleta saratani. Akampigia mama. Mama akanitumia sauti akilia: "Mimi huku nawapikia watoto wa watu wali na nyama kila siku, wangu wanakula nyuzi." Anataka ninunue mchele kilo 25 nimtumie picha, na wadogo wale wali kila siku.

Mama mshauri, mimi si mjinga. Niliingia kwenye simu nikasoma. Wali mweupe gramu 100 una nguvu kalori 130 na protini gramu 2.7. Tambi gramu 100 zina kalori 450 na protini gramu 9. Yaani tambi zimeushinda wali zaidi ya mara tatu! Halafu jirani yetu mwenye kisukari aliambiwa kliniki apunguze wali. Sasa mimi nahukumiwa kwa kosa gani? Na bei pia: pakiti tatu ni 2,400. Wali na mboga, hata nikijibana vipi, 5,000 inakwenda, maana mchele wa Mbeya kilo ni 2,800.

Lakini kuna jambo linaniuma. Mama ana mapumziko Ijumaa, ndiyo siku anapiga simu ya video. Kwa hiyo Ijumaa naomba ruhusa nitoke mapema na napika wali, maharage na mchicha, tunakula mama akituangalia. Wiki mbili zilizopita mdogo wangu wa kiume akaisogelea simu akasema, "Mama piga na kesho, ukipiga ndiyo tunapikiwa wali." Mama alinyamaza. Akasema mtandao mbaya, akakata. Tangu hapo ananiandikia kwa mkato.

La mwisho sijamwambia mtu. Tangu mwezi wa nne natoa 60,000 kwenye hela ya chakula kila mwezi, naiweka kwenye kibubu. Sijala hata shilingi. Nataka kununua cherehani ya umeme nishonee nyumbani, niache Kariakoo, niwepo watoto wakirudi shule. Sasa ina 360,000. Nikianza wali kila siku, kibubu kimekwisha.

Naomba uniambie: ni kweli wali ni bora kuliko tambi? Kama si kweli nimwambieje mama? Kama ni kweli, nivunje kibubu? Nimechoka kuwa mama wa watoto ambao sikuwazaa. Nikiandika hivyo naona aibu, ila ndivyo ninavyojisikia.

Dada Mkubwa, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya safari za alfajiri, na pole ya ile simu iliyokatwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umefunga mambo mengi kwenye pindo moja la kanga: kuna suala la chakula, kuna suala la hela, kuna suala la mama, na kule chini kabisa kuna uchovu wako, ambao umeuandika mwisho kama mtu anayeomba radhi. Hilo la uchovu usilionee aibu. Unawapenda wadogo zako na umechoka, yote mawili ni kweli.

Nianze na zile tarakimu zako, kwa sababu naona umezishika kama ngao. Umezisoma sawasawa. Ila angalia kilichopimwa. Zile gramu 100 za wali ni wali uliokwisha kuiva, umeshakunywa maji, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Zile gramu 100 za tambi ni tambi kavu kama zilivyo kwenye pakiti. Ni kama kupima kanga iliyolowa na kanga kavu ukasema moja ina pamba zaidi. Chukua mchele mbichi, gramu 100: kalori ni kama 360, protini ni kama gramu 7. Tambi kavu zinauzidi kidogo kwa protini, kwa sababu ngano ina protini zaidi ya mpunga, na zinauzidi kwa kalori kwa sababu moja tu, mafuta. Ule ushindi wa mara tatu haupo.

Mafuta yenyewe yanatoka wapi? Tambi za aina hii zilibuniwa Japani na Momofuku Ando mwaka 1958. Zikishachemshwa kwa mvuke kiwandani, hukaangwa kwenye mafuta, mara nyingi ya mawese. Kukaanga kunafukuza maji na kuacha vitundu vidogo, ndiyo maana nyumbani maji ya moto yanapenya na kuziivisha kwa dakika tatu. Hizo dakika tatu zilizokuokoa baada ya mdogo wako kuungua zimelipiwa kwa mafuta: pakiti moja ya gramu 75 ina gramu 12 hadi 15 hivi. Sahani yako ya wali mtupu haifiki gramu mbili. Na hapo hapo nimtoe shangazi wasiwasi kwa heshima zake: nta haimo. Ule weupe unaoelea juu ya maji ni wanga na mafuta. Wala hazigandi tumboni siku tatu.

Sasa twende kwenye bei, maana hapa ndipo nilipoweka barua chini nikachukua kalamu. Umesema tambi ni nafuu. Pakiti tatu, 2,400. Mchele kilo 2,800. Watu watatu mkipika nusu kilo mnashiba, hiyo ni 1,400. Kwa hiyo wanga kwa wanga, mchele ndio wa bei ya chini, kwa elfu nzima. Na nusu kilo ile inampa kila mmoja wenu kalori kama 600 na protini gramu 11 au 12, wakati pakiti moja inampa kalori kama 340 na protini gramu 7. Je, wadogo zako hawalalamiki njaa saa kumi na mbili jioni? Umeandika kwamba wali na mboga ni 5,000. Ukitoa mchele, ile 3,600 iliyobaki ni nini? Ni maharage, nyanya, kitunguu, mchicha, mafuta, gesi ya kuchemshia. Mwanangu, ulichookoa si bei ya wali. Umeokoa mboga.

Siandiki hivyo kukusuta. Naandika kwa sababu nadhani wewe, mama na shangazi mmeshika ncha tatu za kamba ambayo si yenyewe. Mnabishana wali au tambi. Wali mweupe ukiwa peke yake si chakula cha kujivunia. Mchele ukikobolewa, pumba na kiini vinaondoka, na vitamini B1 nyingi inaondoka navyo. Miaka ya 1890 huko Batavia, ambayo leo ni Jakarta, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wanalegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, ugonjwa unaoletwa na upungufu wa vitamini hiyo. Wakirudishiwa mchele wenye pumba, wanasimama. Kazi ile ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Kwa hiyo kama ungenunua zile kilo 25, ukatuma picha, na watoto wakala wali na chai ya rangi kila siku, mama angefurahi na watoto wasingefaidi lolote kubwa. Hata huyo jirani yako wa kliniki ana jambo la kutufundisha: uchambuzi uliotoka mwaka 2012 ukijumlisha tafiti za nchi nne, China, Japani, Marekani na Australia, uliona kwamba kila sahani ya ziada ya wali mweupe kwa siku ilikwenda pamoja na ongezeko la asilimia 11 hivi la hatari ya kisukari. Kwenda pamoja si kusababisha, lakini wali nao si malaika.

Kuna hata mahali tambi zinaweza kuushinda wali mtupu kwa haki. Mwaka 2011 Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Mchele tunaopimiwa sokoni kwa kawaida hauongezwi kitu. Geuza pakiti yako usome. Ikiwa imeandikwa unga ulioongezwa madini ya chuma na vitamini ya foliki, hiyo ni pointi ya tambi, na ukimsomea mama haitakuwa uongo.

Ila ukiwa umeigeuza, soma na mstari wa chumvi. Huu ndio unaonitia mashaka kuliko mafuta na kuliko yote ya shangazi. Huwa wanaandika "sodium", kwa miligramu. Zidisha mara 2.5 upate chumvi. Pakiti nyingi zina miligramu 700 hadi 1,300 au zaidi, yaani karibu gramu mbili mpaka zaidi ya tatu za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu tano kwa siku, jumla ya vyote alivyokula, na mtoto apungukiwe kwa kadiri ya mwili wake. Kijana wako wa miaka minane akila mchana moja, usiku moja, na mchuzi wote akaumaliza, ameikaribia ya mtu mzima, huenda na kuipita. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo iko kwenye kile kijipakiti cha viungo. Ndiyo maana ile habari ya kutafuna mbichi na kumwagia viungo Jumamosi ilinifanya nitabasamu kwanza, halafu nisitabasamu.

Na wa miaka 14? Umemtaja kwa mkono ulioungua tu. Umri huo, kama ameshaanza hedhi, mwili wake unadai madini ya chuma mengi. Wali mtupu hauna ya kutosha, tambi tupu nazo vivyo hivyo. Chuma kiko kwenye maharage, dagaa, nyama, maini, na kwa kiasi kwenye majani kama mchicha na matembele. Ukikamulia ndimu au ukampa chungwa, mwili unakipokea vizuri zaidi, na chai akiinywa saa ile ile ya chakula inakizuia. Anachoka upesi? Anapata kizunguzungu akisimama? Hayo siyajui mimi, unayajua wewe unayelala naye chumba kimoja. Kama yapo, kituo cha afya wanampima wingi wa damu kwa tone la kidoleni, na hilo halingojei mjadala wa mchele.

Unaweza kufanya nini basi? Nitakutajia njia ninazoziona, na kila moja ina mwiba wake.

Ya kwanza, tambi zibaki, lakini zisibaki peke yake. Yai moja kwa kila mtoto linaongeza protini gramu sita. Fungu la mchicha linaiva kwenye maji yale yale. Viungo wamwage nusu ya kijipakiti, na mchuzi ubaki kwenye bakuli. Hii haihitaji wewe uwepo, na dakika tatu zinakuwa saba. Mwiba wake: kijana wa miaka minane aliyezoea utamu wa pakiti nzima atalalamika, na wewe hupo kumwona akichovya kidole kwenye nusu iliyobaki. (Kiondoe kijipakiti nyumbani kabisa, ukipenda. Mwanangu mmoja alikuwa anakilamba kama glukosi.) Tena, hata zikiwa na mayai mawili, kwa mama zitabaki nyuzi.

Ya pili, upike wali wewe alfajiri au usiku na uwaachie. Hapa niwe mkali kidogo. Kiporo cha wali tumekula sote na tumekua, lakini joto la Dar si la mchezo. Kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi wanazaliana na kuacha sumu, na ile sumu haitoki hata ukiupasha moto vipi. Wali ulioiva saa kumi alfajiri ukaliwa saa tisa alasiri kutoka kwenye sufuria iliyofunikwa kwa sinia, ndio huo. Hotpoti nzuri inaulinda kama bado unatoa moshi unapofunguliwa. Ukishapoa ndani ya hotpoti, hotpoti hiyo hiyo inakuwa kiota. Kwa muda wa saa kumi na moja sina uhakika kama yako itaweza. Ijaribu siku moja ya Jumapili: weka wali wa moto asubuhi, ufungue saa tisa, uone.

Ya tatu, wa miaka 14 apike wali kwenye gesi. Ni kama dakika 25, na gesi si mkaa. Wengi watakuambia hilo ndilo jibu la wazi. Mimi nasita. Umeniambia umechoka kuwa mama wa watoto ambao hukuwazaa. Je, mzigo ule ukishuka ngazi moja ukamkalia huyu mwenye masomo tisa na kovu mkononi, tutakuwa tumeutua au tumeuhamisha? Labda siku mbili kwa wiki, na kaka yake achambue mchele na kuosha vyombo. Mkono wa kiume haukatazwi sufuria. Muulize mwenyewe kwanza kama bado anaogopa moto.

Ya nne ni maharage, na hii naipenda kwa sababu inafanya kazi ukiwa na wali na inafanya kazi ukiwa na tambi. Yaloweke Jumamosi usiku, umwage maji yale, uchemshe Jumapili mara moja kwa wiki nzima. Hujataja friji. Kama huna, kwa Mbagala maharage yaliyoiva hayavuki siku ya pili, kwa hiyo utahitaji jirani mwenye friza wa kukutunzia mifuko midogo kwa hela kidogo, au bakuli la maharage la mama ntilie wa mtaani, ambalo watoto wanaweza kulichukua wakitoka shule nawe ukalipa mwisho wa wiki. Dagaa hawahitaji friji wala jirani. Mwiba hapa ni hela, na hela inaturudisha kwenye kibubu.

Kibubu. Umeandika "sijala hata shilingi", na ninakuamini. Lakini umeshaona kwenye hesabu kwamba elfu 60 hiyo imetoka kwenye mboga. Umeikopa kwa tumbo la wadogo zako ili ununue muda wa kukaa nao. Sijui kama hilo ni kosa. Wazazi wengi hufanya biashara ya namna hiyo kila siku, na mama yako mwenyewe alifanya kubwa kuliko hiyo alipopanda ndege. Ila yeye alikuaga. Wewe hujamuaga.

Ukimwambia, anaweza kukasirika. Anaweza kusema hela yake ilikuwa ya chakula, na atakuwa na haki. Anaweza kumwambia shangazi, na shangazi tunamjua. Anaweza pia, nawaza tu, kukuongezea kilichopungua, kwa sababu kwa miaka mitatu ametuma hela ya kula na hajawahi kuombwa hela ya kujenga kitu. Usipomwambia, kibubu kinabaki salama kwa sasa. Lakini nyumba yako ina msemaji wa miaka minane ambaye hajui kuficha. Leo alisema ya wali. Kesho ataona cherehani.

Na hiyo cherehani nayo naomba uipige jicho la pili, taratibu. Unaamini ukishonea nyumbani utakuwepo watoto wakirudi. Utakuwepo, ndiyo. Lakini fundi gani umemwona analala mapema wiki ya Idi? Wateja watakuja na sare za shule mwezi wa kwanza wote siku moja. Miezi ya mwanzo mshahara wa Kariakoo hautakuwepo na kodi itakuwepo. Sikukatishi tamaa, mimi mwenyewe nimelelewa na cherehani ya mguu ya mama yangu, na nakumbuka alikuwepo nyumbani, na nakumbuka pia siku tulizoambiwa tusimsemeshe mpaka amalize gauni la bi harusi. Pengine kuna hatua katikati: kupunguza ile 60,000 iwe 30,000, cherehani ichelewe miezi, nusu nyingine irudi kwenye mayai na dagaa. Pengine hutaki ichelewe hata siku moja. Hilo unalipima wewe.

Sasa mama. Unauliza umwambieje kama tambi si mbaya. Binti yangu, unadhani mama yako analilia protini? Sisi wa umri wake, katika nyumba nyingi, wali tuliula Idi, Krismasi na harusini. Siku za kawaida ni ugali, mihogo, viazi. Wali ulikuwa dalili kwamba leo kuna jambo, kuna mgeni, kuna heri. Yeye yuko Muscat anaosha mchele wa watoto wanne wasio wake, kila siku ya Mungu. Nadhani kila akiosha anajiambia kwamba huo wa kwake nao uko jikoni Mbagala. Halafu mtoto anamwambia wali ni wa kamera. Kilichomkata siku ile si lishe, wala ukimtumia jedwali la kalori hutakiponya. Sisemi usimweleze, mweleze habari ya chumvi, ya mayai, ya mkono wa mdogo wako, maana nahisi hajui kwamba tambi zilianza kwa sababu ya moto. Alijua? Barua yako haisemi. Kama hajui, basi amekuhukumu kwa nusu ya hadithi, na ile nusu nyingine ni wewe uliyeificha, labda ili asilie.

Siwezi kukuambia Ijumaa ijayo mpike nini. Naweza kukuambia kwamba ukiweka mbele ya simu bakuli la tambi lenye yai na mchicha, ukasema "mama, leo ni siku ya kawaida, hivi ndivyo tunavyokula", utakuwa umefanya jambo gumu, na huenda likazua kilio kingine. Ukipika wali, utakuwa umempa mama saa moja ya furaha ambayo naye sasa anajua imepangwa. Baadhi ya watu huanza kwa sauti fupi ya WhatsApp usiku, kabla ya siku ya video, ili kila mmoja alie peke yake kwanza.

Na huyo wa miaka minane msimkemee kwa alichosema. Amekuomba wali wa siku mbili kwa wiki, basi, na akakosea tu mtu wa kumwambia.